Upande wa Mashariki, Bahari

Kuna kitabu kimoja nimekisoma mara nne, na mara zote nne nimekifunga nikiwa na ugomvi nacho. Nilikinunua kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba kando ya barabara, Dar es Salaam. Jalada lilikuwa limechanika, na ndani kilipigwa muhuri wa maktaba ya shule fulani ya Marekani. Bei yake haikuzidi sana nauli yangu ya daladala na pantoni. Kinaitwa So Excellent a Fishe. Kilitoka mwaka 1967, na mwandishi wake ni Archie Carr, profesa wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1987. Habari yake, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kasa wa baharini.

Ndugu msomaji ataniuliza: mwalimu wa Kiswahili na kasa, wapi na wapi? Swali ni la haki. Mimi sikusomea viumbe. Nilifundisha lugha na fasihi bara kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha nikarudi pwani nilikozaliwa, kusini ya Dar es Salaam, katika kijiji ambacho sitakitaja jina kwa sababu zitakazoonekana mbele. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha vijana kuyasoma maandishi na kuyauliza maswali matatu: yanasema nini, yananyamazia nini, na kimya hicho kinamfaa nani. Maswali hayo hayachagui. Yanaifaa riwaya, yanaifaa sheria, na yanaufaa hata waraka wa ukurasa mmoja uliowekwa vidole gumba na wazee watatu. Katika makala haya nitayauliza maandishi ya namna zote tatu, na la mwisho ndilo litakaloniwia gumu.

Nianze na sifa, maana kitabu hiki kinastahili sifa. Carr alikuwa mwanasayansi aliyependa watu. Kwa miaka mingi alifanya kazi Tortuguero, ufuko wa mchanga mweusi upande wa Karibi wa nchi ya Costa Rica, ambako kasa wa kijani hupanda kutaga kwa maelfu. Kabla yake, ufuko ule ulikuwa ni wa watu walioitwa velador, walinzi wa usiku ambao ulinzi wao ulikuwa kumpindua kila kasa mgongo chini na kumwacha hapo, miguu ikipunga hewa, mpaka achukuliwe na chombo kwenda kuuzwa. Carr na wanafunzi wake walitembea usiku kwenye ufuko huohuo, lakini wao waliwafunga kasa vibati vidogo vya chuma kwenye kikono cha mbele. Kibati kilikuwa na namba na ahadi, kwa Kiingereza na Kihispania, kwamba atakayekirudisha atapewa zawadi ya fedha.

Hapo ndipo kitabu kinapopendeza mno. Wavuvi wa Karibi, wengi wao watu wa kalamu nzito kama babu zetu, walikaa chini wakaandika barua. Walieleza wamempata wapi kasa mwenye kibati, lini, na kwa chombo gani. Kwa barua hizo ulimwengu ukajua kwamba kasa anayetaga Tortuguero huonekana baadaye kwenye malisho ya Nikaragua na mbali zaidi. Na katika kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, ilikuja kubainika kwamba kasa wanaotaga pale hutoka kwenye malisho ya pwani ya Brazili, safari ya zaidi ya kilometa 2,000 kukitafuta kijisehemu cha nchi kisichofika hata nukta katika ramani. Carr anazisimulia barua za wavuvi kwa heshima. Hawacheki. Anajua kwamba elimu yake imejengwa na watu waliokubali kusema walichokiona.

Sasa jina la kitabu. Limetoka katika sheria. Mwaka 1620, Bunge la visiwa vya Bermuda lilipitisha sheria ya kuwakinga kasa, na ndani yake kasa aliitwa samaki, tena samaki bora namna hiyo. Sheria ilisema kwamba mtu asiue kasa mchanga ambaye upana wake haujafika inchi 18, ndani ya bahari inayovizunguka visiwa kwa umbali wa ligi 5. Adhabu ilikuwa ratili 15 za tumbaku. Nusu ya tumbaku hiyo iende katika matumizi ya umma, na nusu apewe aliyetoa habari.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilistaajabu. Miaka mia nne imepita, na sheria ile ina kila kitu tunachokidai leo: sababu, kipimo, mpaka, adhabu, hata fungu la mtoa habari. Na pamoja na hayo yote, kundi la kasa waliokuwa wakitaga Bermuda lilitoweka. Kwa nini?

Jibu moja limo ndani ya maandishi yenyewe. Sheria ilimkinga mtoto ikamwacha mama. Kasa mkubwa anayepanda mchangani kutaga alikuwa halali kwa kila mtu, na huyo ndiye asiyebadilishika upesi. Kasa wa kijani huchukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, kabla hajaweza kutaga. Humwaga mayai mia na ziada katika shimo moja, hurudia mashimo kadhaa katika msimu mmoja, kisha hupumzika miaka miwili, mitatu au minne. Ukimchinja mmoja katika ufuko, umezima hesabu ya nusu karne. Waliotunga sheria ile walihesabu kama mkulima anayechunga kuku, kumbe walikuwa na mnyama anayehesabiwa kama mbuyu.

Jibu la pili halimo ndani ya maandishi, na Carr halifuatilii. Ni hili: nani alikuwa akiisoma sheria ile usiku ufukweni? Sheria ni maandishi, na maandishi hayana mikono. Hungoja msomaji. Asipopatikana mtu wa kuisoma mahali penyewe, saa yenyewe, sheria hubaki kuwa karatasi.

Hapa ndipo ugomvi wangu na kitabu unapoanza, na nitausema kwa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni tumaini lake. Kati ya mwaka 1959 na 1968, Carr na wenzake, wakisaidiwa na Jeshi la Majini la Marekani, walisafirisha kwa ndege vitoto vya kasa vilivyoanguliwa Tortuguero na kuvimwaga katika fukwe za nchi nyingi za Karibi, wakitarajia kwamba vitakua na kurudi kutaga huko. Kitabu bado kinalipenda wazo hili. Kadhalika kinaliunga mkono wazo la kufuga kasa kwa ajili ya nyama, ili kasa wa porini aachwe. Baadaye Carr mwenyewe aliliacha wazo la ufugaji, akiona kwamba nyama na magamba yakijaa sokoni hamu ya watu itaongezeka badala ya kupungua. Namheshimu kwa kubadili kauli; wasomi wengi hufa na kosa lao kifuani. Hata hivyo naona mawazo yote mawili, la ndege na la zizi, yana mzizi mmoja. Yanataka kuzidisha kasa bila kugombana na mtu. Ufuko ulioharibika uachwe na aliyeuharibu. Sisi tutapeleka kasa penginepo.

Fungu la pili ni kubwa zaidi. Adui mkubwa wa kitabu hiki ana kisu na sufuria. Ni mpinduaji, mchimba mayai, mpishi wa supu. Kwa mwaka 1967 hilo lilikuwa kweli, na kwetu bado ni kweli kwa sehemu: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa, wanane kati yao watoto, walikufa baada ya kula nyama ya kasa yenye sumu, na hapo sheria ilikuwapo miaka mingi. Lakini kuna adui mwingine ambaye kisu hana. Anampenda kasa. Amelipa nauli ya ndege kuja kumwona. Amechorewa kasa kwenye fulana na kwenye mlango wa chumba chake. Anataka kitanda cha kulala karibu na maji, na kivuli, na taa ya kumwezesha kurudi kutoka baa bila kujikwaa. Kitabu cha Carr kimenifundisha kumchukia mchinjaji. Hakikunifundisha nimfanye nini mgeni.

Nikiwa mtoto, ufuko wetu ulikuwa na giza. Nasema hivyo kama mtu anavyosema kijiji chao kilikuwa na kisima. Baba alikuwa mvuvi wa ngarawa, na katika miezi ya kusi alituonyesha mapito ya kasa mchangani, mistari miwili mipana iliyopanda hadi chini ya mikadi na kushuka. Simfanyi baba mtakatifu, mayai tuliyala. Pwani hii imeuza kasa tangu zamani za kale: mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza, katika kile kitabu cha safari kiitwacho Periplo, walikwisha kuyataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta. Wanaotaga kwetu siku zote ni kasa wa kijani na, kwa uchache, ng'amba, yule mwenye magamba yaliyompa balaa. Wengine watatu, duvi, noa na kigome, hupita tu majini.

Hayo mambo ya kula mayai yalipungua kwetu kwa njia ambayo Carr angeifurahia. Shirika la Sea Sense, lililoanzishwa mwaka 2001, lilianza Mafia na baadaye likafika katika wilaya nyingine za pwani, likiwatumia watu wa vijijini wenyewe kuvilinda viota, na likimlipa kifuta jasho aliyekuja kusema kiota kipo wapi. Juani, huko Mafia, wageni hulipa ili kutazama vitoto vikitoka, na sehemu ya fedha huenda kijijini. Tumbaku ya Bermuda na vibati vya Carr vimerudi kwa sura mpya: atoaye habari apate chake. Nami naamini hilo ni jambo jema, maana mwenye njaa hawezi kuombwa alinde kwa mapenzi matupu.

Lakini msomaji aone pia kikomo chake. Anayetoa habari za kiota hamshtaki mtu. Anayetoa habari za taa anamshtaki tajiri anayemlipa jirani yake.

Tunayo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari shughuli za kudumu za binadamu. Watu wengi wanaijua sheria hii kwa namba yake tu, na maafisa wengine huja na futi ya kupimia ukuta. Nilipokisoma kifungu chenyewe niligundua kwamba hakikuishia hapo. Kinakataza pia shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo, ziwe za kudumu au zisiwe. Kwa maoni yangu maneno hayo yanatosha kuigusa taa. Mwanga hauna msingi wa zege, lakini huvuka meta 60 bila kuchoka.

Nieleze kidogo kwa nini taa. Kitoto cha kasa hutoka mchangani usiku, baada ya takriban siku 55 hadi 60 za kulaliwa na joto la mchanga, joto lilelile linaloamua kama kitakuwa dume au jike. Kikifika juu, hutafuta upande ulio na mwanga wa chini na mpana zaidi. Tangu dunia iwe dunia, upande huo ni bahari, inayoakisi nyota na mwezi, na nyuma yake kuna weusi wa miti. Hicho ndicho kitabu chake pekee. Ukiwasha taa nyeupe upande wa miti, umekifuta kitabu hicho ukaandika kingine, nacho kitakisoma kwa utii uleule, kwenda nchi kavu.

Na asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, ghuba ya Laganas ni mahali pakubwa pa kutagia duvi katika Bahari ya Kati. Wagiriki waliunda hifadhi ya taifa ya bahari pale mwaka 1999. Pamoja na hayo, tarehe 30 Januari 2002 Mahakama ya Ulaya iliihukumu Ugiriki kwa kushindwa kuwalinda kasa hao: pikipiki zilikuwa zikipita kwenye mchanga wa kutagia, mashua na vyombo vya kukanyagia vya watalii vilikuwa majini, na katika ufuko wa Dafni kulikuwa na majengo yasiyo na kibali. Nchi yenye mahakama, barabara na mishahara ilikuwa na sheria, na sheria ikakosa msomaji ufukweni. Huko Tortuguero kwenyewe watalii ndio mkate wa kijiji leo, na kilichowafanya wavumilike si upendo wao kwa kasa. Ni kanuni zilizo na mtu wa kuzisimamia: usiku haendi mgeni bila kiongozi, na kamera haiendi kabisa.

Narudi kijijini. Hoteli ilijengwa mwaka 2011. Ukuta wake wa mbele uko hatua chache kutoka pale maji ya bamvua yanapofika, na juu yake kuna taa saba. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mlinzi wa usiku hapo. Usiku mmoja wa Julai alinipigia simu, saa nane na nusu.

"Shikamoo mjomba. Samahani kwa kukuamsha. Njoo na ndoo."

Nilikwenda. Vitoto vilikuwa vimetoka kwenye kiota cha chini ya mkadi uliobaki, vikageuka vyote kuelekea ukutani. Vingine vilikuwa vikizunguka chini ya taa, vingine vimeingia kwenye mfereji wa maji machafu, vingine vimekwisha kukamatwa na kaa. Tuliokota, mimi na yeye, bila kusema. Nilihesabu 63 kwenye ndoo. Tukaenda navyo kusini, kwenye giza lililosalia mbele ya makaburi, tukaviweka mchangani, tukaviacha vijitembelee vyenyewe hadi majini. Asubuhi niliona vingine kwenye bwawa la kuogelea, vinaelea.

Mkubwa wa hoteli alipopata habari hakukasirika. Alifurahi. Alimwambia mpwa wangu kwamba mara nyingine vitoto viwekwe kwenye beseni mpaka jioni, ili wageni waviachie wenyewe wakati wa machweo na kupiga picha. Kuhusu taa alisema wageni wanaogopa giza.

Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini hakuzizima taa mwenyewe usiku ule, kwa kuwa swichi iko kwenye kibanda chake. Alinitazama kwa adabu, kama anavyonitazama siku zote.

"Mjomba, wewe una pensheni," alisema. "Mimi nina watoto watatu shuleni."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amelisema kwa maneno machache lile ambalo Carr hakuligusa na sheria haiwezi kuligusa. Msomaji pekee wa kifungu cha 57 aliyekuwepo ufukweni saa nane za usiku alikuwa yeye, na analipwa ili asikisome.

Sasa nifike kwenye maandishi ya tatu, niliyoyaahidi. Hoteli haikushuka kutoka mbinguni. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wetu. Mwaka 2009 alikuja mnunuzi, mwenzetu wa mjini, mtu mpole, na wazee wakaafikiana bei. Wakahitaji mtu wa kuandika hati ya mauziano. Aliyeitwa ni mwalimu mstaafu, mwenye mwandiko mzuri. Niliandika kwa wino mweusi, kwenye karatasi yenye mistari, nakala tatu. Nilijivunia lugha yake. Nilitaja mipaka kama inavyotakiwa: upande wa kaskazini, shamba la fulani, upande wa magharibi, barabara, upande wa kusini, makaburi. Kisha nikaandika: upande wa mashariki, bahari.

Ningemkuta mwanafunzi ameandika hivyo ningemwuliza maswali yangu matatu. Maandishi haya yanasema nini? Yanasema kwamba kilichouzwa kinafika mpaka majini. Yananyamazia nini? Yananyamazia meta 60 ambazo hazikuwa zetu kuziuza, njia ya wavuvi ya kushusha ngarawa, mikadi, na kasa. Kimya hicho kinamfaa nani? Nadhani jibu liko wazi. Sheria ilikuwa na umri wa miaka mitano. Redio ilikwisha kuitaja. Nilikuwa nimeisikia ile namba sitini, na mkono wangu uliipita kwa sababu mnunuzi alikuwa amekaa mbele yangu, chai ilikuwa imeletwa, na fungu langu la fedha lilikuwa limekwisha kuhesabiwa. Fungu hilo liliezeka nyumba ninamoandikia makala haya.

Basi ninapomlaumu Carr kwa kutafuta njia isiyogombana na mtu, najua ninalolisema. Yeye angalau alitembea ufukweni miaka thelathini. Mimi niliandika neno moja nikaingia ndani.

Baada ya usiku wa ndoo nilimwandikia mwenye hoteli barua. Nilinukuu kifungu kwa ukamilifu, nikaeleza habari za taa, nikamwomba mambo matatu: taa za upande wa bahari zizimwe au zifunikwe na kushushwa, vitanda vya jua viondolewe mchangani kila magharibi, na kitoto cha kasa kisishikwe na mgeni kwa ajili ya picha. Nilitia sahihi yangu na kupeleka nakala serikali ya kijiji. Kabla ya kuipeleka nilimsomea mpwa wangu, maana mshahara uliokuwa hatarini ni wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ninaweza kuliondoa neno "mlinzi" katika aya ya pili. Nililiondoa.

Matokeo ni haya. Taa tatu kati ya saba zimezimwa. Nne zinawaka. Vitanda vinaondolewa siku mkubwa anapokuwapo. Beseni halikuwekwa msimu uliofuata, wala sijui msimu ujao. Afisa mmoja alikuja mchana na futi yake, akapima, akaandika, akanywa soda kivulini, akaondoka. Mpwa wangu amehamishiwa lango la barabarani, hivyo ufuko sasa hauna hata yule msomaji mmoja. Anasema huko langoni ni afadhali, hakuna upepo. Sijui kama anasema kweli au ananisitiri.

Hukumu yangu juu ya kitabu, kwa kuwa haya ni makala ya uhakiki na hukumu inatakiwa, ni hii. Kisomwe. Hakuna niliyemsoma mwenye kueleza vizuri zaidi jinsi mnyama huyu anavyorudi katika pwani alikozaliwa, na jinsi barua ya mvuvi mmoja inavyoweza kuujulisha ulimwengu jambo. Lakini msomaji wa pwani yetu akisome akijua kwamba kinaishia pale shida yetu inapoanzia. Carr anatufundisha kwamba kasa hukumbuka ufuko. Hatuambii la kufanya ikiwa ufuko huo umekwisha kuandikwa jina la mtu, kwa mwandiko mzuri, mbele ya mashahidi.

Katika vijiji vyetu anayejua kuandika huitwa kila siku: hati, wosia, barua ya malalamiko. Huenda wewe unayesoma kitabu hiki kidogo ni mmoja wao. Siku utakapoitwa kuandika mipaka ya kiwanja cha pwani, hata chai ikiwa imeletwa, usiandike nilivyoandika mimi. Andika: upande wa mashariki, meta 60 kutoka maji ya bamvua, ambazo haziuzwi. Wakikataa, rudisha kalamu mfukoni. Watamtafuta mwandishi mwingine, hilo siwezi kukuficha. Lakini atakuwa mwingine.

Nakala yangu ya hati iko katika sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti. Kitabu cha Carr nimekiazimisha kwa mwalimu wa sayansi wa shule yetu ya msingi, ambaye ameahidi kuwasomea watoto habari za vibati na barua. Nimemwomba awasomee pia kifungu cha 57, mpaka nusu yake ya pili.